Krismasi Iliyopakiwa Mwezi wa Nane

Mjukuu wangu mkubwa ndiye aliyeniambia kwamba Krismasi imeshapita. Nilikuwa mgeni Guangzhou, mabegi yangu hayajafunguliwa yote, na mwezi wa kumi na mbili ndio kwanza ulikuwa umeingia. Nilikuwa jikoni namenya vitunguu saumu. Yeye alikuwa mezani na kazi za shule, anaandika yale maandishi yao ya Kichina, kiboksi baada ya kiboksi. Nikamuuliza, haya mke mwenzangu, sikukuu hii tutaifanyaje? Bila hata kuinua kichwa akanijibu, "Bibi, Krismasi imeshapita. Ilipakiwa mwezi wa nane."

Nilicheka mpaka kisu kikaniponyoka. Yeye hakucheka. Ana miaka minane, na akinuna anafanana na marehemu mume wangu chakula kikichelewa.

Ikabidi anieleze, taratibu, kama unavyomweleza mtu mzima asiyesikia vizuri. Mama yake, yaani binti yangu, ananunua nguo za watoto pale Zhanxi, soko lililo karibu na stesheni ya treni, anazipeleka Dar es Salaam kuziuza Kariakoo. Na meli haina haraka. Ukitaka gauni la Krismasi lifike dukani kabla watu hawajaanza kulitafuta, lazima liwe ndani ya kontena wakati jua la mwezi wa nane bado linachoma. Basi mwezi wa nane sebule yao hujaa magauni mekundu, kofia za yule mzee wa ndevu nyeupe, na miti ya plastiki iliyokunjwa kama miavuli. Watoto wanasaidia kutia mifukoni. Halafu gari la mzigo linakuja, katoni zinashuka kwa lifti, sebule inabaki nyeupe, na Krismasi ndiyo imekwisha hiyo. Mwezi wa kumi na moja ukifika ukingoni, mama naye anapanda ndege kuufuata mzigo wake. Anarudi mwezi wa kwanza.

"Kwa hiyo Krismasi ni nini?" nikamuuliza.

"Ni mzigo."

"Wa nani?"

"Wa mama." Akafuta alichokosea, akapuliza unga wa kifutio. "Mimi siipendi. Ndiyo inamchukua."

Hapo kicheko kikanikauka. Mimi natoka Makambako. Nimeimba kwaya tangu sijaota meno ya pili, na sauti yangu ya kwanza mpaka leo hakuna msichana pale usharikani anayeifikia, wajaribu wasijaribu. Shule sikukaa sana, lakini hadithi ya kuzaliwa kwa Yesu naijua kama njia ya kisimani, hata unifumbe macho. Wanangu wote wameinywa mapema kama uji. Sasa leo damu yangu mwenyewe inaniambia haipendi Krismasi, tena kwa sababu ambayo siwezi kuibishia.

Nilikuja kuwaangalia yeye na mdogo wake wakati mama yao yuko Dar. Miaka ya nyuma, baba yao akiwa kazini, walikuwa wakiachwa na mama mmoja wa Kichina wa kulipwa, mtu mwema, anawapikia na kuwafunika, lakini habari za Yesu angezitoa wapi? Nikasema moyoni: mwezi wa kwanza narudi kwetu. Nikimwacha huyu mtoto anaichukia siku aliyozaliwa Mwokozi, basi nimevuka bahari kuja kusonga ugali tu.

Kila jioni binti yangu alipiga simu ya picha; huko Dar ilikuwa mchana. Yule mdogo, wa miaka minne, aliikumbatia simu na kuilamba kioo. Mkubwa akisikia mlio tu, huyoo, chooni, na mlango anafunga. "Dada yako yuko wapi?" "Yuko chooni." Siku ya pili chooni, siku ya tatu chooni. Binti yangu akafanya utani, akauliza kama mtoto anahara. Mimi nilimwona uso. Alikuwa anatafuta kitu nyuma ya bega la mdogo, anatafuta mlango wa choo.

Nikaanza na mti. Mkwe wangu aliuleta kutoka ofisini kwake, anafanya kazi ya kusafirisha mizigo ya watu katika jengo la Tianxiu. Niseme kidogo habari za huyu mkwe, maana kukaa naye nyumba moja ni jambo ambalo mama yangu mzazi asingelikubali hata kwa viboko. Ni kijana mwenye adabu. Akiingia anasalimu akiwa ametazama ukutani, anakula sebuleni, mimi nakula jikoni, na tukikutana kwenye korido kila mtu anajifanya ana haraka. Basi aliuweka ule mti mezani, akasema, "Mama, huu ni wa sampuli," akaondoka haraka kama aliyeacha bomu.

Niliwakalisha watoto nikawaeleza kwamba kwetu tunakata matawi ya msonobari, kanisa zima linanuka utomvu, ukiingia tu unajua leo ni leo. Mkubwa akaunusa ule mti. "Hii ni plastiki, Bibi." Akapinda tawi moja kwa kidole. "Hii ndiyo inayokatika hapa. Mama alimwambia laobani aongeze waya." Laobani ndivyo wanavyomwita mwenye duka huko. Mdogo naye akalipinda la kwake, likakatika. Somo la mti likaishia hapo.

Nikaja na nguo. Niliwaambia sisi tulipata gauni jipya mara moja tu kwa mwaka, siku ya Krismasi. Baba alikuwa akiuza mahindi, ananunua kitambaa, fundi anashona mpaka mkesha, na wewe unalala nalo chini ya mto ili lisiibwe na panya. Nikafungua kabati lao niwaonyeshe gauni la kuvaa siku hiyo. Ndugu zangu, kabati lilinimwagikia. Sampuli za Zhanxi, nyingine bado zina karatasi za dukani, nyingine wamezizidi kimo kabla hawajazivaa. Mtoto ambaye kila wiki anavaa jipya, utamwambia nini kuhusu jipya?

"Bibi, chagua tu lolote," mkubwa akanihurumia.

Usiku, la, siyo usiku, ilikuwa jioni tu baada ya kuoga, nilikaa kitandani kwao nikaona kosa langu. Nilikuwa naanza na vitu. Vitu wanavijua kunishinda. Nikaamua nianze na mzazi.

Nikamuuliza mkubwa, wewe unajua ulizaliwa wapi? Akasema Tanzania. Nikasema Tanzania ni kubwa, ulizaliwa kwangu, chumba cha mkono wa kushoto, mvua inapiga bati. Mama yako alikuja nyumbani kujifungua kama inavyotakiwa. Asubuhi yake jirani wa kwanza alikuja na uji wa ulezi, wa pili na supu ya kuku, wa tatu na mche wa sabuni na sukari. Kila aliyetaka kukushika alinawa kwanza. Mashangazi zako walivua nguo za shamba nje wakavaa safi, ndipo wakaingia. Taa haikuzimwa chumbani. Na mimi nilikuimbia mpaka mama yako akaniomba ninyamaze apate usingizi.

Walikuwa wananisikiliza wote wawili, mdogo amenilalia tumboni.

"Hiyo inaitwa hongera," nikawaambia. "Mtu akizaa, watu wanakwenda kumpa hongera. Na Krismasi ndiyo hiyo hiyo, hakuna siri nyingine. Maria amejifungua, tunakwenda kumpa hongera. Unavaa nguo mpya kwa sababu huendi kumshika mtoto mchanga na matope. Taa zinawaka kwa sababu nyumba yenye mzazi haikai giza. Zawadi ni kwa sababu huendi mikono mitupu. Tunaimba kwa sababu mtoto ni mzima na mama yake mzima."

Mdogo akauliza habari za mti. Nikamwambia kwetu akija mgeni wa heshima, askofu au bwana harusi, tunapanga majani mabichi mlangoni. Mti ni majani ya kumpokea. Nikawaambia pia wachungaji wa kondoo ndio waliofika mapema, maana walikuwa jirani, na wale wakubwa wa mashariki walichelewa kama ndugu wa mjini, lakini angalau walikuja na vitu vya maana. Mdogo alicheka. Nikajua nimeshika.

Mkubwa hakucheka. Aliuliza, "Mama yake alikuwepo?"

"Mama wa nani?"

"Maria. Alikaa na mtoto, au alikwenda kuuza?"

Nikasema ukweli, alikaa naye. Hakuwa na kitu kingine chochote, alikuwa naye tu.

"Basi yule ana bahati," akasema, akageukia ukutani.

Nililala na hilo neno kama jiwe la figo.

Asubuhi, nikiwapeleka shule, nilikuwa nimepata jibu, na nilijiona nimepata kweli. Pale mtaani kwao Xiaobei asubuhi kuna mikokoteni, kuna wanaochoma mikate ya ufuta, kuna watu wa kila rangi wanakimbilia ofisini. Nilimshika mkubwa mkono ili asinipotee, au mimi nisimpotee. Nikamwambia, "Sikiliza, mjukuu wangu. Mungu ana kila kitu. Angeweza kutupakilia kontena la baraka, akalituma, yeye akabaki huko juu anatupigia simu. Hakufanya hivyo. Alikuja mwenyewe. Tena mtoto mchanga, mikono mitupu. Ndiyo maana tunafurahi. Hatufurahii mzigo, tunafurahi kwa kuwa amekuja mwenyewe."

Nilijisikia askofu. Hata mgongo niliunyoosha.

Tulipofika kwenye geti la shule akaachia mkono wangu akasema, "Basi mama naye aje mwenyewe." Akaingia.

Mimi siyo mtu wa kufunika maneno. Siku hiyo hiyo nilimpigia binti yangu nikamweleza kama lilivyosemwa, sikupunguza. Nyuma yake niliyaona magauni mekundu yamening'inia kama nyama buchani, na watu wanasukumana. Akasogea pembeni, mbali na wateja. Kisha akasema, "Mama, nani atauza? Huu ndio msimu. Nikiuacha huu, hiyo shule yao mwakani inalipwa na nini?" Sikumlaumu. Bati lililo juu ya kichwa changu Makambako ni la Kariakoo hiyo hiyo, na saruji yake. Nilimwambia auze salama. Alichoniomba ni kwamba nisimlazimishe mtoto kuja kwenye simu.

Jumapili tulikwenda kanisani mjini, ibada ya Kiingereza. Wao wakaimba Kiingereza, mimi nikaimba Kibena kwa sauti ileile, na hakuna aliyenifukuza. Mkubwa alinivuta gauni, nikazidisha.

Ikaja siku yenyewe, na siku yenyewe Guangzhou ni siku ya shule. Sikuamini. Nilimuuliza mkwe wangu mara mbili, nikasahau hata kutazama ukutani; yeye hakusahau. Akasema, "Ndiyo hivyo, Mama, hapa ni siku ya kazi." Mjukuu wangu aliondoka siku ya kuzaliwa Bwana amevaa tracksuit ya shule na anakwenda kufanya mtihani wa hesabu. Nilirudi nikafunga mlango, nikakaanga vitunguu kwa hasira.

Pilau yangu haina mjadala. Wanaokula wananyamaza. Binzari nilikuja nayo kutoka nyumbani, nyama nilinunua kwa wale Waislamu wa Kichina wanaochinja vizuri. Tulielewana kwa vidole. Lakini kila nikifunua sufuria, harufu nyingine ilikuwa inaingia kwa chini ya mlango, inashindana na yangu. Tangawizi, nyingi sana, na siki tamu, na nyama ya nguruwe iliyochemka muda mrefu. Harufu hiyo ilikuwepo tangu jana yake.

Watoto waliporudi jioni nilimuuliza mkubwa ni kitu gani kile. Akanusa mara moja akajua. "Ni miguu ya nguruwe. Wanampikia mtu aliyezaa. Mama wa rafiki yangu alikula hiyo mwezi mzima, hatoki nje." Ilikuwa inatoka kwenye mlango unaotazamana na wetu, kwa yule bibi wa Kichina ambaye tulikuwa tukipishana kwenye lifti na kutikisiana vichwa.

Nikaweka mwiko chini. Kumbe kuna mzazi hapo, hatua za mtoto kutoka kitandani kwangu, na siku yenyewe ni leo. Nikachukua sahani kubwa nikapakua, nyama juu, nikafunika na kitambaa safi. Nikatoa doti ya kanga niliyokuwa nimemwekea binti yangu. Nikamwambia mkubwa, vua hiyo tracksuit, nawa, vaa gauni, tunakwenda kutoa hongera.

Akashtuka. "Bibi, hapa watu hawaendi kwa watu."

"Leo wanakwenda."

"Watatushangaa."

"Hata wachungaji wa kondoo watu waliwashangaa." Nikamwambia ukweli mwingine: kwamba mimi Kichina changu chote ni lile neno la meyo, yaani hakuna, ambalo wauza nguo wanakufukuzia nalo. Nikienda peke yangu nitasimama mlangoni na sahani niseme hakuna. Nilimhitaji awe mdomo wangu. Akanitazama, akaona sitanii, akaenda kunawa.

Yule bibi alifungua nusu ya mlango. Ana aproni, jasho kwenye paji la uso, kijiko mkononi. Hakutukaribisha ndani, na nilimpenda kwa hilo. Hata kwetu mzazi haingiliwi na kila mtu na viatu vyake. Nilishika sahani kwa mikono miwili nikapiga goti kidogo. Mjukuu wangu akasema maneno machache, haraka, kichwa chini, amalize mapema. Bibi akaitazama sahani, akanitazama mimi, akauliza kitu. Mjukuu akajibu. Bibi akauliza tena.

Hapo mtoto akaanza kueleza kweli. Mimi sikuelewa neno, lakini nilikuwa namwona. Akafanya mikono kama anabeba mtoto. Akaonyesha mbali, huko, nyuma ya lifti. Akaonyesha mtu amechoka. Akakunja vidole kichwani kama pembe, nikajua tumefika kwa ng'ombe. Sauti ilikuwa imepanda, kichwa kimeinuka. Yule bibi ameegemea kizingiti, kijiko kinadondosha siki sakafuni wala haoni. Mimi niliyelizunguka somo hili karibu mwezi mzima, nilisimama pale na sahani inaniunguza vidole nasikiliza mahubiri ya mjukuu wangu kwa Kichina, na nitasema bila aibu kwamba sijasikia bora kuliko yale.

Alipomaliza, bibi alikunja uso, akauliza swali moja fupi. Mjukuu wangu akashusha mikono. Akanigeukia.

"Bibi, anauliza nani alimpikia."

"Nani alimpikia nani?"

"Maria. Nimemwambia alizaa safarini, hana ndugu hapo, yuko zizini. Anauliza, sasa nani alimpikia?"

Nimeimba Krismasi zote nilizojaliwa. Nimekuwa mchungaji wa kondoo kwenye igizo, nimekuwa malaika mpaka nikanenepa wakanitoa. Wachungaji wa kanisa wamepita usharikani kwetu wengi, wenye shahada na wasio nazo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza hilo, na mimi mpishi, mimi niliyepikia wazazi wa mtaa mzima, sikuwahi kuliuliza.

"Mwambie sijui," nikasema. "Mwambie labda Yusufu."

Akamwambia. Bibi akaguna, akasema neno.

"Anasema mwanaume angeunguza."

Tulicheka, mimi naye, kwa kelele, mpaka kichanga kikalia ndani na yeye akajifunika mdomo. Akapokea sahani na kanga, akaingia, akarudi na bakuli lenye mayai yaliyokuwa meusi kwa siki na vipande vya tangawizi, akampa mjukuu wangu, akampangusa shavu kwa mgongo wa mkono. Mlango ukafungwa taratibu.

Nyumbani niliandaa. Baba yao alikuwa amerudi, amevaa shati jipya, amekaa sebuleni na mdogo. Mkubwa alikaa mbele ya sahani yake hajaigusa. Mimi nilidhani ni yale mayai.

"Bibi," akasema. "Mama huko anapikiwa na nani?"

Nikamwambia hapikiwi. Anakaa gesti, anafunga duka amechoka, anakula anachokikuta barabarani.

"Na leo?"

"Na leo."

Akanyanyuka. Akachukua simu yangu mezani, akaibonyeza mwenyewe. Sijamtuma, wala baba yake hajamtuma. Tulitazamana mimi na mkwe wangu, macho kwa macho, mara ya kwanza tangu nifike.

Binti yangu akatokea kwenye kioo na hofu usoni. Kwao ilikuwa adhuhuri. "Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna," mtoto akasema. "Mama, umekula?"

Binti yangu alikuwa kama mtu aliyeitwa jina lake na asiyemtarajia. "Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chipsi."

"Umekaa?"

"Nini?"

"Ulikula umekaa, au umesimama?"

Nyuma yake mtu alikuwa anaulizia gauni la mtoto wa miaka sita. Binti yangu alifuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa nimesimama," akasema.

"Kaa basi."

Akatazama huku na huku, akageuza katoni, akakaa. Mjukuu wangu akaichukua simu mpaka jikoni, akaiinamisha juu ya sufuria ili mama aone pilau, akamwonyesha yale mayai meusi, akaanza kumsimulia habari za bibi wa mlango wa mbele, na swali lake, na kwamba Bibi pamoja na kuimba kote hajui jibu. Alikuwa anaongea haraka, anachanganya Kiswahili na Kichina, kama mtu aliyekuwa na maneno ya mwezi mzima tumboni. Na mama yake alikuwa analia na kucheka, anasema enhe, enhe, halafu.

Yule mteja wa gauni akauliza tena, safari hii kwa sauti ya kukereka. Nikamsikia binti yangu, ambaye hajawahi kumwacha mteja tangu anajua kuhesabu, akimwambia, "Dada, niwie radhi. Njoo baadaye. Naongea na mwanangu."

Mimi nikafunika sufuria ili wali usipoe.